Harufu muzuri mu lupango, hatari ku imbwa

Tuseme baba anarudi toka ku mine, ametumika poste ya usiku. Siku zote imbwa inamusikia akiwa bado mbali, inakimbilia mulango ya lupango na kutikisa mukia. Leo hakuna. Anaingia, anaikuta inazunguka mu kiwanja sawa mulevi, mboni za macho zimefunguka sana, miguu haina nguvu. Jirani anachungulia juu ya ukuta: «Ni kichaa hiyo! Muipige mbele haijauma mutoto!»

Kumbe mu kona ya lupango kuko ule muti wa maua makubwa yenye kuning'inia kama tarumbeta, yenye kunukia sana magaribi. Kwa Kifaransa ni «trompette des anges». Matawi ya chini yametafunwa. Sumu ya ule muti inakausha kinywa, inaharakisha moyo, inavuruga akili, na inaweza kuua.

Sisi watu wa lupango tunapenda majani ya kunukia. Mama anapanda sitroneli kwa chai na kwa kufukuza mbu, basiliki kwa mboga, maua kwa kupendeza mulango. Imbwa nayo inaishi mulemule, inalinda nyumba wakati baba iko chini ya udongo. Jambo la kushika ni hili: pua haiwezi kutuambia jani gani ni salama. Tujue kila jani kwa jina na kwa kazi yake.

Majani yenye haina matata mingi

Basiliki, romarini na timu (ile «thym» ya mu mchuzi) haina sumu ku imbwa. Ikitafuna jani mbili tatu, usihangaike. Sitroneli na menti ni tofauti kidogo: ikila mingi, tumbo inaweza kuuma, inatapika ao kuhara. Panda sitroneli nyuma ya kizuizi kidogo, kwani imbwa inapenda kutafuna majani marefu.

Majani ya kuogopa

Kitunguu na ayi zinanukia muzuri mu sufuria, lakini zinaharibu damu ya imbwa. Gramu 15 mpaka 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wa imbwa zinaweza kutosha kuleta ubaya. Kwa imbwa ya kilo 10, hiyo ni kitunguu moja kubwa ao mbili. Ayi ni kali kupita kitunguu. Kupika haiondoe sumu. Na ubaya hauonekane siku ileile: kisha siku kazaa imbwa inachoka, fizi zinakuwa nyeupe, mukojo unakuwa mweusi sawa kahawa. Basi, ukiipatia bukari ya jana, usimwangie juu mchuzi wenye vitunguu mingi kila siku.

Laurier-rose, ule muti wa maua ya rozi ao meupe, ni mubaya kupita yote. Jani, ua, tawi, hata jani kavu, vyote vinapiga moyo. Na si imbwa tu: mutoto naye anaweza kufa. Kama uko nao karibu na pahali batoto banachezea, ungoe, uvae gans, na usichome matawi: moshi wake nao ni sumu.

Mafuta ya kunukia ya mu chupa, ya ekaliptusi ao ya sitroneli, ni kali kupita jani lenyewe mara mingi. Bengine wanayapakaa imbwa juu ya kupe na viroboto. Imbwa inajilamba, sumu inaingia. Tuache ile desturi.

Kama imbwa imekula

Usiipatie maziwa, mafuta ya ngazi ao maji ya chumvi. Chumvi mingi nayo ni sumu, na mafuta yanaweza kuingia mu mapafu ya imbwa yenye kulegea. Usiilazimishe kutapika. Ondoa majani yenye kubaki mu kinywa kama tu imbwa ni yenye utulivu. Kata tawi moja ya ule muti, uweke mu mufuko, upeleke vyote viwili kwa veterinere. Mwambie saa gani ilikula, na kiasi gani. Ile tawi itamusaidia kupita maneno mingi.

Lakini neno la jirani tusilitupe. Kichaa cha imbwa kiko kweli inchini mwetu, na kwa macho hatuwezi kuvitenganisha vizuri. Imbwa yenye kuyumba, yenye kutoa mate ao yenye kubadilika tabia, ifungie mu pahali pake, ondoa batoto, usiguse kinywa chake na mukono mutupu. Kama imeuma mutu, osha kidonda na maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha nenda ku hospitali siku ileile. Usingoje imbwa ife kwanza. Chanjo ya imbwa ni bei ndogo kuliko kilio.

Siku ya mapumuziko, kabla ya kupima namna gani wiki itaanza, baba na mama wazunguke lupango pamoja. Waulize kila muti: wewe ni nani? Ule wenye haujulikane jina, waupeleke kwa mutu mwenye kujua, ao waungoe. Imbwa inakesha juu yetu usiku muzima. Tukeshe kidogo juu yake muchana.