Kipi kiingie kwenye kiini, kipi kibaki nje? (Sehemu ya Pili)

Msomaji aliyekuwa nasi wiki iliyopita atakumbuka kwamba mwishoni mwa mwaka 1998 wahojaji walianza kupita nyumba kwa nyumba katika kata za Ikwiriri, Umwe, Mgomba, Mchukwi, Kibiti na Bungu. Waliandikisha watu wapatao 85,000. Kazi hiyo iliendeshwa chini ya mradi wa TEHIP, wa Wizara ya Afya pamoja na shirika la IDRC la Kanada, na eneo lile leo limegawanyika kati ya Wilaya ya Rufiji na Wilaya ya Kibiti. Kila baada ya miezi minne wahojaji walirudi kuuliza nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahamia, nani kahama.

Leo tuingie ndani ya programu iliyopokea majibu hayo. Iliitwa HRS, na asili yake ni Navrongo, kaskazini mwa Ghana, ambako James Phillips, Bruce MacLeod na wenzao waliitengeneza katika miaka ya 1990. Wazo lao lilikuwa hili: vituo vinavyofuatilia wakazi namna hii vinatofautiana kwa mengi, lakini vyote vinafuatilia mambo yale yale ya msingi, yaani kaya, wanakaya na matukio yao. Basi mambo hayo yaandikwe mara moja kwenye kiini, na kila kituo kiongeze ya kwake juu.

Ndani ya kiini ziliwekwa kanuni zisizobadilika popote anapoishi binadamu. Mtu hafi kabla ya kuzaliwa. Marehemu hahami. Mwanamume hajifungui. Mtu mmoja hahesabiwi mkazi wa kaya mbili kwa wakati mmoja. Karani akiingiza taarifa inayokwenda kinyume na kanuni hizo, programu inaikataa, na daftari linarudi kijijini kwa mhojaji. Vyandarua, chanjo, bati au makuti juu ya nyumba, hayo yalikuwa ya kituo chenyewe kuyaongeza.

Ugumu unaanza kwenye jambo lililo katikati, na Rufiji inao mfano ambao sijauona ukipitwa. Operesheni Rufiji ya mwishoni mwa miaka ya 1960 iliwapeleka watu kwenye ardhi ya juu kaskazini mwa mto, mashamba yao yakabaki bondeni. Kwa hiyo mkulima wa mpunga ana nyumba kijijini na ana dungu shambani, na msimu wa kuamia ndege ukifika anahamia dunguni pamoja na watoto. Kule delta, mvuvi naye anakwenda dago, anakaa wiki kadhaa, anarudi. Je, hawa wamehama? Rufiji ilijibu kwa kipimo cha miezi minne ya ukaazi, kinacholingana na mzunguko wa wahojaji wake. Navrongo wahojaji walizunguka kila baada ya siku 90. Kanuni ya kwamba mtu hawi mkazi wa kaya mbili kwa wakati mmoja ni ya kiini. Idadi ya miezi inayomfanya awe mkazi ni ya nje, kwa sababu inategemea mto, mpunga na samaki. Ukiifungia kwenye kiini, umemlazimisha Mrufiji aishi kwa kalenda ya Navrongo.

Mfano unaosaidia kuona upande wa pili wa jambo hili ni kihariri cha maandishi kiitwacho Emacs, ambacho Richard Stallman alikianza upya mwaka 1984 kwa ajili ya mradi wake wa GNU. Kiini chake kimeandikwa kwa lugha ya C: kutunza maandishi kwenye kumbukumbu, kuyachora kwenye skrini, kupokea vibonye, na kuendesha lugha nyingine iitwayo Lisp. Sehemu kubwa ya mengine yote imeandikwa kwa hiyo Lisp, katika maktaba ambazo mtumiaji yeyote anaweza kuzifungua, kuzisoma na kuzibadilisha wakati kihariri kinaendelea kufanya kazi. Anaiandika upya kazi asiyoipenda, na mabadiliko yanaanza pale pale.

Uhuru huo una gharama, nayo ni kasi. C hugeuzwa mapema kuwa amri za mashine. Lisp, kwa miaka mingi, ilipita kwanza kwa msomaji wa ndani anayeichambua hatua kwa hatua. Kwa kazi inayofanyika mara chache tofauti hiyo haionekani. Kwa kazi inayorudiwa mara maelfu kila mtu anapobonyeza kibonye, kihariri kinakuwa kizito. Hapo ndipo linapokuja ombi la kuihamisha kazi fulani kutoka maktaba ya Lisp kwenda kiini cha C.

Chukua kazi ya kusoma JSON, muundo ambao programu nyingi hutumia kupelekeana taarifa. Emacs iliisoma kwa maktaba ya Lisp iitwayo json.el. Zilipokuja programu saidizi zinazokagua kazi ya mwandishi papo hapo anapoiandika, ujumbe wa JSON ukawa mwingi na maktaba ikaelemewa. Toleo la 27, mwaka 2020, lilileta kazi mpya ndani ya kiini, zikiegemea maktaba ya nje ya C iitwayo Jansson. Lakini Jansson ilijenga kwanza nakala yake ya taarifa, kisha Emacs ikaigeuza nakala hiyo kuwa vitu vya Lisp. Kazi moja ikafanywa mara mbili. Toleo la 30, mwaka 2025, likaachana na Jansson na kuweka msomaji aliyeandikwa upya kwa C, anayejenga vitu vya Lisp moja kwa moja.

Kasi ilipatikana. Kwangu mimi jambo zito zaidi ni lililotokea kwenye maana. Katika JSON, null ni taarifa isiyokuwepo, na false ni jibu la hapana. Maktaba ya zamani, isipoelekezwa vingine, ikikuta null inarudisha nil, na katika Lisp ya Emacs nil ndiyo pia orodha tupu na ndiyo pia alama ya uongo. Kazi mpya za kiini zinatenganisha: null inatoka na alama yake, false na yake. Mtu aliyeandika programu akitegemea mwenendo wa zamani, kisha akabadilisha jina la kazi tu ili apate kasi, angepata majibu tofauti bila onyo lolote. Kazi mpya zilipewa majina mengine na za zamani zikabaki zilipo, na huo ulikuwa uungwana kwa watumiaji.

Irudishe hoja hiyo Kibiti. Tuseme mama anaulizwa kama mtoto alilala kwenye chandarua usiku uliopita. “Hapana” ni jibu. Nafasi iliyoachwa wazi kwa sababu mhojaji hakumkuta nyumbani si jibu. Programu inayovichanganya hivyo viwili itatangaza kwamba kitongoji kizima hakitumii vyandarua kumbe hakijaulizwa. Takwimu za Rufiji ziliongoza matumizi ya fedha za afya za wilaya. Zilionyesha vifo vya watoto wasiofikisha mwaka mmoja vikishuka kutoka 100 hadi 72 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai, kati ya mwaka 1999 na 2000. Tarakimu yenye uzito huo haistahili kutegemea kanuni ambayo mtu ameisogeza bila kuangalia ilivyokuwa ikitafsiriwa mwanzo.

Kuna gharama nyingine za kiini. Kosa katika Lisp huleta ujumbe wa onyo, nawe unaendelea na kazi. Kosa katika C linaweza kuzima kihariri kizima. Pia kazi ya C ikiita kazi nyingine ya C huko ndani, marekebisho ya mtumiaji hayaonekani kabisa: ataibadilisha kwa upande wa Lisp, na kiini kitaendelea na ile ya awali. Isitoshe, tangu toleo la 28 la mwaka 2022, kwa kazi ya Andrea Corallo, Lisp ya Emacs inaweza kugeuzwa yenyewe kuwa amri za mashine. Hoja ya kasi, iliyokuwa kisingizio cha kila uhamisho, imepungua nguvu sana, na ningefurahi kuona baadhi ya mambo yakirudishwa nje.

HRS nayo ilipata funzo lake kuhusu gharama za kiini. Iliandikwa kwa FoxPro, na baadaye kwa Visual FoxPro, bidhaa ya Microsoft. Microsoft iliacha kuiendeleza bidhaa hiyo, na msaada wake wa mwisho ukakoma Januari 2015. Kanuni za HRS zilikuwa sahihi, lakini chini yao kulikuwa na kiini cha mwenye mali mwingine, ambacho hakuna mtaalamu wa Ikwiriri wala wa Navrongo aliyeweza kukifungua na kukitengeneza.

Msimamo wangu ni kwamba kazi ihamie kwenye kiini ikiwa tu imekaa nje muda mrefu, imetumiwa na wengi, maana yake haigombaniwi, na imepimwa ikaonekana kweli inachelewesha. Kipimo kinachotegemea maisha ya watu wa mahali fulani kisihamishwe hata kama ni kizito. Nawaomba maofisa wa wilaya na wakuu wa vituo vya utafiti, kabla ya kusaini kupokea mfumo wowote wa taarifa, wamwombe mtengenezaji aibadilishe miezi minne iwe mitatu mbele ya macho yao. Akisema lazima arudi ofisini kwake kwanza, wasisaini.

Sehemu ya tatu, wiki ijayo, itahusu OpenHDS, mfumo wa wazi uliorithi mawazo ya HRS, na namna simu ilivyochukua nafasi ya daftari mkononi mwa mhojaji.