Pijo ya mzee bado iko imara: namna ya kuifufua bila kuiharibu

Tangu tulipozungumza hewani kuhusu spea bandia, jumbe kuhusu magari ya zamani hazijakatika. Mmoja tuliusoma mara mbili. Msikilizaji wetu wa upande wa Nyandarua anasema baba yao alifariki na kuwaachia Peugeot 504 stesheni wagoni, ile ya safu tatu za viti. Mzee aliilaza bandani na kuifunika turubai, na hakuwahi kuibebesha mawe wala mchanga. Hadi leo inawaka. Sasa mnunuzi wa vyuma vikuukuu amefika nyumbani na kutaja bei kwa uzito. Kaka mkubwa anataka iuzwe. Kitinda mimba anataka inyanyuliwe, ifungwe rimu kubwa na kupakwa rangi nyeusi. Mama yao anataka tu gari la kumfikisha kliniki na kumrudisha salama. "Tufanye nini?" anauliza.

Tuliwauliza mafundi wa jua kali waliozeeka na magari haya, tukalinganisha na yale tunayoyajua wenyewe. Jibu letu kwa familia hiyo ni kwamba wasiuze kwa kilo, na wasimpe kitinda mimba pesa kabla ya breki, maji na mipira kushughulikiwa. Baada ya hapo gari linaweza kupambwa, ila kila kinachoongezwa kiwe kitu kinachoweza kufunguliwa na cha zamani kikarudi mahali pake.

Kwanza hesabu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo Pijo ya namna hii huwezi kuiagiza leo. Zilizopo ni zile zilizouzwa hapa zamani, nyingi zikiwa zimeunganishwa Mombasa, na kila moja inayokatwa kwa vyuma hairudi. Hatusemi kwamba ni dhahabu. Tunasema tu kwamba bei ya kilo haihesabu kioo cha mlango wa nyuma, taa za nyuma na viti vya safu ya tatu, na hivyo ndivyo vitu vigumu zaidi kupata. Spea za injini na breki za mbele bado zinapatikana kwa sababu pikapu za 504 ziliendelea kutembea miaka mingi. Ukienda Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi utaonyeshwa pampu ya maji au padi za breki bila shida kubwa. Uliza kioo cha nyuma cha stesheni wagoni uone watakavyotazamana.

Ilivyojengwa

Peugeot 504 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka wa 1968, na mwaka uliofuata ikatajwa gari bora la mwaka Ulaya. Huku kwetu jina lilijengwa na vumbi. Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504 mwaka wa 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda tena mwaka wa 1978 kwa 504 ya milango miwili yenye injini kubwa zaidi.

Stesheni wagoni si saluni iliyoongezewa buti tu. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 2.90, wakati wa saluni ni mita 2.74. Nyuma ina ekseli nzima ya chuma inayobebwa na springi nne za koili, mbili kila upande, kwa sababu ilikusudiwa kubeba watu saba na mizigo yao. Tayari iko juu kiasi cha kupita barabara ya murram wakati wa mvua. Ndiyo maana tunamwambia kitinda mimba kwa upole kwamba gari hili halihitaji kunyanyuliwa. Ukiona nyuma imekaa chini, springi zimechoka. Dawa ni springi sahihi na shokomzoba mpya, si vipande vya mpira au chuma vya kusukumia juu. Gari lililonyanyuliwa kwa vipande huyumba kwenye kona, na likiwa na keria iliyojaa magunia juu ya paa huyumba zaidi.

Maji kabla ya rangi

Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo Pijo nyingi zilipofia.

Injini ya petroli ya 504 ina bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu. Metali hizi mbili zikikaa pamoja kwenye maji matupu, hasa maji ya kisima yenye chumvi, aluminiamu huliwa polepole. Utaona unga mweupe kwenye shingo za hosi. Baadaye gasketi huanza kuvuja, injini inachemka, hedi inapinda. Tumia kulanti, dawa ya radieta yenye kinga ya kutu, iliyochanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mtungi. Maji ya mvua yaliyochujwa ni afadhali kuliko ya kisima. Na kabla ya kuweka, mwambie fundi asafishe radieta na kubadilisha hosi zote kwa pamoja, zikiwemo zile nyembamba za hita ambazo watu huzisahau.

Mafundi wengi hung'oa themostati wakidhani wanasaidia gari lipoe. Wanachofanya ni kuifanya injini ifanye kazi ikiwa baridi, inywe petroli zaidi na kuchakaa mapema. Irudishwe. Jambo jingine ni feni. Katika 504 feni ya injini haizunguki muda wote. Ina sumaku ya umeme inayoishika maji yakifika joto fulani na kuiachilia yakipoa. Ni ufundi mzuri, ila ukikosa umeme pale, feni haishiki na gari linachemka ukiwa nyuma ya lori mlimani. Mafundi wengine huifunga izunguke daima. Ukikosa spea, hilo linakubalika, utalipa tu kwa petroli kidogo. Kuiacha bila kujua kama inashika ndiko hatari. Injini ikiwa moto na gari limesimama, fungua boneti utazame kwa macho, mikono na nguo zikiwa mbali.

Kuna siri moja ambayo fundi aliyezoea Toyota peke yake huenda asiijue. Silinda za injini hii ni mikebe inayotolewa, imekaa ndani ya maji, na kila mmoja umezibwa chini kwa sili. Hedi ikifunguliwa, mikebe hubaki bila kitu cha kuishikilia. Fundi akizungusha injini wakati huo, mikebe inanyanyuka, sili za chini zinaachia, na maji yanapenya kwenye mafuta. Baada ya wiki moja unavuta kijiti cha kupimia mafuta unakuta rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi kazi, muulize: "Ukitoa hedi, mikebe utaishikiliaje?" Akicheka, au akisema hakuna haja, mshukuru na utafute mwingine.

Breki zinakuja sambamba na maji. Gari lililokaa bandani linaweza kuwa na padi zenye unene wa kutosha na bado lisisimame, kwa sababu mafuta ya breki hunyonya unyevu na hosi za mpira huvimba kwa ndani. Pedali inakuwa laini, au gurudumu moja linabaki limeshikwa hata ukiachilia. Badilisha hosi zote, sili za silinda za breki za nyuma, na mafuta yenyewe. Usikubali mtu aoshe mipira ya breki kwa petroli, wala aongeze mafuta ya injini kwenye kikopo cha breki. Mipira itavimba na breki zote zitakwisha siku moja.

Matairi nayo yasikudanganye kwa kashata zake. Ubavuni tafuta namba nne mwishoni mwa herufi za DOT. Ikiandikwa 2312, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2012. Tairi la umri huo lililokaa bandani linaonekana zima, kisha linapasuka ukiwa kwenye lami na joto. Mipira ya petroli inayokwenda kwenye kabureta pia ibadilishwe, hata kama haijapasuka. Moto wa gari mara nyingi huanzia hapo.

Sasa mapambo

Gari likishasimama na kupoa vizuri, sasa kitinda mimba apewe nafasi. Tena yako mambo ya maana anayoweza kufanya.

La kwanza, na kwetu ndilo bora kuliko yote, ni mikanda. Pijo nyingi za safu tatu hazina mikanda nyuma, na watoto ndio hukaa huko. Sheria za matatu zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zile tulizoziita za Michuki, zilitufundisha kufunga mkanda kwenye gari la abiria, lakini gari la nyumbani likabaki na mazoea yake. Mkanda ufungwe kwenye sehemu ya bodi iliyoimarishwa, na bamba la chuma upande wa chini. Ukifungwa kwenye bati jembamba utang'oka siku utakapohitajika.

La pili ni taa. Katika magari ya umri huu umeme wa taa kubwa hupita kwenye swichi ya usukani, na baada ya miaka mingi hufika kwenye balbu ukiwa umepungua. Fundi wa waya akiongeza rilei mbili na waya mpya mnene kutoka kwenye betri, taa zile zile zitang'aa kwa namna itakayokushangaza, na swichi itapona. Balbu za LED za bei rahisi ndani ya taa hizi hatuzipendekezi. Kioo hakikutengenezwa kwa ajili yake, na mwanga unampofusha anayekuja mbele.

Mfumo wa kuwasha plagi bila pointi, yaani wa elektroniki, nao ni badiliko jema. Gari linawaka upesi asubuhi ya baridi na halihitaji kurekebishwa kila mara. Pointi za zamani ziweke kwenye kisanduku cha glavu pamoja na bisibisi. Siku mfumo mpya ukikataa mbali na mji, utajishukuru.

Rimu? Nafasi kati ya matundu ya nati za 504 si sawa na ya Toyota nyingi. Atakayekwambia atapanua matundu kwa drili ili rimu iingie, mkatae hapo hapo. Rimu za chuma za inchi 14 zikipigwa mchanga, zikapakwa rangi ya fedha na kurudishiwa vikombe vyake, gari linapendeza kuliko linavyopendeza kwa rimu za kubahatisha.

Kuhusu rangi tuna msimamo. Kama rangi ya kwanza bado ipo, hata ikiwa imefifia, isugwe kwa dawa ya kung'arishia kwanza. Chini ya rangi iliyozeeka kihalali unaona kila doa la kutu. Chini ya rangi mpya iliyopigwa juu ya pati huoni kitu hadi bati litoboke. Kagua chini ya milango, sakafu chini ya mazulia, na pale shokomzoba za mbele zinaposhikilia bodi. Gonga kwa vifundo vya vidole. Palipo na pati pana mlio mzito.

Viti mpe fundi wa kushona, na umwambie abakize mistari ya zamani. Na redio, jambo linalotuhusu sisi wenyewe: redio mpya ya kuunganisha na simu inaweza kufungwa ndani ya kisanduku cha glavu, ile ya zamani ikabaki kwenye dashibodi. Hakuna haja ya kukata plastiki ambayo haipatikani tena.

Kabla ya kutoa shilingi ya kwanza

Kuna jambo ambalo ndugu hawa hawakuliuliza. Logibuku bado ina jina la marehemu. Kwa sheria ya Kenya, gari hilo ni mali ya mirathi, na halihamishwi jina hadi mahakama itoe hati za kusimamia mirathi. Akitokea ndugu mmoja akatumia akiba yake yote kwa gari ambalo baadaye litagawanywa au kuuzwa, ugomvi utakuwa mkubwa kuliko Pijo yenyewe. Kaeni chini na mama yenu kwanza, andikeni nani anatoa nini na gari litakuwa la nani, kisha mwende mahakamani. Jina likishatoka, rangi ikibadilishwa au injini nyingine ikifungwa, NTSA ijulishwe na logibuku irekebishwe, na kampuni ya bima iambiwe. Injini ya Toyota ndani ya Pijo ni jambo linalofanyika sana. Kama yenu inawaka na kupumua vizuri, hatuoni sababu.

Kazi ikikamilika, wiki za kwanza msitoke safari ndefu. Zungukeni karibu na nyumbani, na kila asubuhi injini ikiwa baridi tazameni maji, mafuta, na kikopo cha breki. Baada ya kilomita 100 kazeni nati za magurudumu upya. Kama hedi ilifunguliwa, muulizeni fundi ikiwa gasketi aliyoweka inahitaji boliti kukazwa tena, na baada ya kilomita ngapi. Akitaja namba, iandikeni kwenye karatasi na muibandike ndani ya mlango wa dereva. Mama apelekwe kliniki baada ya hapo.