Fahamu: Tezi za uzazi zilizojificha na hatari ya saratani

Mwaka 2012 mkimbiaji wa Uganda, Annet Negesa, aliikosa Olimpiki ya London kwa sababu ya testosteroni yake kuwa juu. Mwaka huohuo akaondolewa tezi za uzazi zilizokuwa ndani ya mwili, upasuaji anaosema hakuelezwa vya kutosha. Shirikisho la riadha duniani lilikana kuhusika.

Kisa chake kilikuwa cha riadha, si cha saratani. Lakini swali ni lilelile kwa vijana wenye jinsia tata: tezi zitolewe, na lini?

Inategemea aina ya jinsia tata. Hatari kubwa ya saratani iko kwenye tezi zisizokua sawasawa, zenye kromosomu Y na zilizobaki tumboni. Wataalamu waliokutana Chicago mwaka 2005 waliikadiria kuwa asilimia 15 hadi 35. Hizo hushauriwa kutolewa mapema, maana uvimbe huanza kimyakimya.

Kwa binti ambaye mwili wake hauitikii kabisa homoni za kiume, makadirio yalikuwa asilimia 2 tu, na kabla ya balehe uvimbe ni nadra. Kuharakisha kisu hapo ni kumnyima homoni zinazomuotesha matiti.

Mara nyingi hali ya binti kama huyo hufichuka kwa ngiri: binti ana kivimbe kinenani, daktari akifungua anakuta korodani. Wengine hugundulika wakifika miaka 15 bila hedhi.

Mzazi wa Usagara, mkoani Mwanza, ukiona hayo, anzia kituo cha afya na uombe rufaa ya Hospitali ya Bugando. Kabla ya kusaini karatasi ya upasuaji, uliza majibu ya kromosomu yanasemaje.