Kano ya Goti Ikikatika: Je, Ni Lazima Kupasuliwa?

Mwezi huu tungependa kuzungumza nanyi juu ya goti. Tumesukumwa na mzee mmoja aliyemleta kwetu kijana wake, fundi uashi wa miaka 24, aliyeumia katika mpira jioni ya Jumapili. Kijana alikuwa anakimbia, akageuka ghafla ili ampite mchezaji wa upande wa pili; mguu ukabaki umekita chini, mwili ukazunguka. Hakuguswa na mtu. Alisikia goti likilia "pa!" akaanguka, na kabla ya usiku kuingia goti lilikuwa limevimba pande zote.

Hawakuja hospitali. Walimwita mkandaji, naye akalikanda goti kwa maji ya moto na mafuta siku tatu mfululizo, huku vijana wawili wamemshika mgonjwa mabega. Walipotufikia, goti lilikuwa limejaa na limewaka moto kiasi kwamba daktari hakuweza hata kulipima vizuri. Ikabidi kusubiri uvimbe upungue. Baadaye walikwenda mjini kwa kipimo cha MRI, ikaonekana kwamba kano ya mbele imekatika kabisa. Wakaelezwa habari za upasuaji na gharama zake. Kijana huyo ndiye aliyekuwa akiwalipia wadogo zake ada ya shule. Mzee aliporudi alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa ng'ombe wake wawili, akatuuliza neno moja tu: "Sista, niuze au nisiuze?"

Ili kumjibu, ni lazima kwanza tufahamu goti lilivyo. Mfupa wa paja umekaa juu ya mfupa wa muundi, na kinachoishika mifupa hiyo isiachane ni kano, yaani kamba ngumu ambazo watu wengi huziita mishipa. Kuna kano kuu nne. Mbili ziko pembeni, moja kila upande. Mbili ziko ndani kabisa, zimepishana kama msalaba. Katikati ya mifupa kuna gegedu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo, zinazopunguza kishindo tunapotembea. Kano ya pembeni ikichanika, mara nyingi huunga yenyewe ikilindwa vizuri. Ile ya mbele ya msalaba ni shida zaidi. Zamani tulifundishwa kwamba haiungi kamwe. Siku hizi picha za MRI zimeonyesha kwamba kwa baadhi ya watu huunga, lakini hakuna awezaye kukuahidi kuwa wewe utakuwa mmoja wao.

Basi mtu anawezaje kutembea bila kano hiyo? Kwa misuli. Msuli mkubwa wa mbele ya paja, ile ya nyuma ya paja, na ya matako, ikiwa na nguvu na ikijifunza kukaza kwa wakati wake, inaweza kulishika goti kwa sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ya kano. Ikilegea, goti humwangusha mtu hata akiwa anatembea tu uani.

Mwaka 2010 madaktari wa Sweden walitoa matokeo ya utafiti wao kwa vijana 121 waliokatika kano hiyo. Nusu hivi walipasuliwa mapema, kisha wakafanya mazoezi. Waliobaki walianza na mazoezi tu, na yule ambaye goti lingemsumbua aliruhusiwa kupasuliwa baadaye. Baada ya miaka miwili hali ya makundi hayo mawili haikutofautiana kwa kiasi cha maana, na katika kundi la mazoezi zaidi ya nusu walikuwa hawajahitaji kisu. Walipoangaliwa tena baada ya miaka mitano, nusu hivi ya kundi hilo walikuwa wamepasuliwa. Hatuna budi kusema pia kwamba utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022, kwa watu 316 walioumia muda mrefu nyuma na ambao magoti yao yaliendelea kulegea, ulionyesha kuwa waliopangiwa upasuaji walipata nafuu zaidi.

Kwa hiyo tulimjibu mzee hivi: ng'ombe wasiuzwe kwanza. Kijana apewe miezi mitatu ya mazoezi ya kweli, ndipo tukae tena. Tulisema "ya kweli" kwa sababu wengi wakisikia "bila upasuaji" hudhani maana yake ni kulala kitandani.

Na hapa tuungame kosa letu. Miaka ya nyuma sisi wenyewe tulikuwa tukiyafunga magoti kama haya P.O.P. kwa wiki sita, tukamwambia mgonjwa aende nyumbani akapumzike. Tulipoifungua tulikuta paja limesinyaa kama la mtoto na goti limekakamaa, tukashangaa kwa nini mtu hatembei. Yako majeraha yanayohitaji P.O.P. au kifunga goti, daktari ndiye ataamua. Lakini kupumzisha mguu kwa wiki nyingi bila sababu ni kuunyima goti ule msaada pekee uliobaki.

Siku za kwanza, acha kazi na mchezo, lala na kuuinua mguu juu ya mito, weka kitambaa chenye maji baridi au barafu iliyofungwa katika kitambaa, dakika 15 hivi kwa mara moja, na tembea kwa magongo. Usikande, usichue, usiweke maji ya moto, maana ndani damu inavuja. Nenda ukapimwe. Picha ya eksirei huonyesha mifupa tu, hivyo usiridhike ukiambiwa "hakuna kilichovunjika" wakati goti limejaa.

Maumivu yakipungua, anza na zoezi dogo ambalo kijana wetu alilicheka. Keti mguu umenyooka, weka khanga iliyokunjwa chini ya goti, kaza msuli wa paja kama unayeigandamiza khanga, hesabu hadi 5, legeza. Mara 10, na urudie mara kadhaa kwa siku. Kisha burura kisigino taratibu kuelekea makalioni ili goti lijifunze kukunja, na hakikisha pia linanyooka hadi mwisho. Lala chali, kunja magoti, inua nyonga. Baadaye, kuinuka kwenye kiti na kukaa bila kushika kitu, kupanda na kushuka tofali moja, kusimama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki. Ukipata mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mfuate yeye kuliko sisi, kwani ataongeza uzito kwa kipimo. Goti likivimba jioni, umezidisha. Punguza kesho yake, lakini usiache. Kukimbia mbio za moja kwa moja husubiri miezi, na michezo ya kugeuka-geuka husubiri miezi tisa au zaidi, mpaka mguu ulioumia uweze kuruka karibu sawa na mzima.

Hayo si ya wachezaji peke yao. Akina mama wanaoteleza mteremkoni na ndoo kichwani huumia vivyo hivyo, ila wao huambiwa "utazoea", na nyumba haiwaachii hata dakika kumi za kunyoosha mguu. Akina baba, tunaomba mzitafute dakika hizo.

Usisubiri mazoezi, rudi hospitali upesi, ikiwa goti limekwama na halinyooki, ikiwa unyayo umekuwa baridi au umekufa ganzi, ukipata homa na goti lina moto, au ndama ya mguu ikivimba na kuuma. Ukishindwa kupumua vizuri, usingoje hata asubuhi. Mtoto anayekua apelekwe kwa bingwa wa mifupa tangu mwanzo. Na goti linaloendelea kumwangusha mtu baada ya mazoezi ya miezi kadhaa linastahili upasuaji, kwa sababu kila linapolegea husaga zile gegedu. Kwa huyo, kuuza ng'ombe si hasara.

Kijana wetu hakufika huko. Mwezi wa kwanza alikuwa mvivu, mama yake ndiye aliyemhesabia. Mwezi wa nne alirudi kujenga, kuta za chini tu, na mwezi wa nane akapanda jukwaa. Mpira ameuacha kwa hiari yake. Mteremkoni na mfuko wa saruji begani bado hushuka ubavu-ubavu. Mazoezi anafanya mara tatu kwa wiki, na anatuambia kwamba akiyaacha wiki mbili goti humkumbusha.