Kabla hujaisingizia diski

Kompyuta ya ofisi mjini Musoma ikianza kusuasua, hukumu hutoka mapema: diski imekufa, tafuta nyingine. Bunda na Butiama nako ni yale yale. Wakati mwingine fundi huwa sahihi. Shida ni kwamba wateja wengi hatumuulizi amejuaje.

Kwenye seva zinazoendeshwa na Linux, ushahidi unapatikana. Tangu 2006 mfumo huo una chombo kiitwacho blktrace, kazi ya Jens Axboe, mhandisi wa Denmark. Chombo hicho huandika safari ya kila ombi linalokwenda kwenye diski, na kila hatua ina herufi yake. Q ni ombi kupokelewa, D ni kukabidhiwa diski, C ni kukamilika. Muda ukiwa mrefu kati ya D na C, diski ina kesi ya kujibu. Ukiwa mrefu kati ya Q na D pekee, inasingiziwa tu. Msongamano umo ndani ya mfumo wenyewe.

Sasa, ushahidi nao ukiharibika? Hapo ndipo mafundi wengi hukata tamaa na kufuta faili. Ni haraka mno.

Katika faili hilo kila hatua ni rekodi ya baiti 48. Ukilifungua faili baiti kwa baiti, kwenye kompyuta zetu za kawaida utaona rekodi ikianza na alama 07 74 61 65. Baiti mbili za mwisho kati ya hizo 48 hutaja urefu wa nyongeza inayofuata, kama ipo. Ruka nyongeza hiyo, na unapaswa kuikuta tena alama ile ile. Usipoikuta, umepotea njia. Songa mbele mpaka uione nyingine, kisha rudi uchunguze kilichomo katikati, maana uharibifu huacha sura yake. Faili limekatika mwishoni, katikati ya rekodi? Huenda umeme ulizimika wakati wa kuandika, na rekodi zote za nyuma bado zinafaa. Kila penye 0A pametanguliwa na 0D? Faili lilihamishwa kana kwamba ni maandishi, lihamishe upya. Alama inasomeka kinyumenyume, 65 61 74 07? Hakijaharibika kitu. Limetoka kwenye mashine inayopanga baiti kwa mtindo mwingine.

Kuna kosa jingine linalotisha bure. Fundi anaona ombi limekamilika kabla ya kukabidhiwa diski, anaapa kwamba saa ya seva imeharibika. Kumbe kila kiini cha prosesa huandika faili lake, naye ameyasoma moja baada ya jingine. Programu ya blkparse huyaunganisha na kuyapanga kwa wakati. Ajabu ya saa ikitoweka hapo, hapakuwa na ugonjwa.

Rekodi zilizopotea ndizo za kuogopa. Namba za mfuatano zikiruka ndani ya faili la kiini kimoja, kuna kilichodondoka. Na blktrace ikitangaza mwishoni kwamba matukio kadhaa yameachwa, usilipuuze tangazo hilo: hifadhi ya muda ilijaa, ongeza ukubwa wake urudie kipimo. Chanzo kimojawapo ni cha kujitakia, nacho huniudhi kuliko vyote: kuhifadhi rekodi kwenye diski ile ile inayopimwa. Kila rekodi inayoandikwa inazaa maombi mapya, nayo yanarekodiwa, na mzigo unaongezeka. Chomeka diski nyingine, au peleka rekodi kwenye kompyuta ya pili kupitia mtandao; blktrace inaruhusu.

Butiama ina chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Walimu wa kompyuta wa hapo, na wa vyuo vya ufundi vya mkoa mzima, walipe somo hili nafasi katika mazoezi ya vitendo. Programu zake ni za bure, na kompyuta moja kuukuu yenye Linux inatosha kuanzia.