Aljebra ya mwaka wa kwanza: vijana wa Bule wanakwama wapi, na wanaweza kujitoa namna gani

Kila mwaka kuko vijana wa Bule, katika sheferi ya Bahema-Badjere, teritware ya Djugu, wanaopata dipulomu ya serikali na kushuka Bunia kutafuta chuo. Mmoja anajiandikisha katika uchumi, mwingine informatika, mwingine kilimo au ualimu. Njia ni tofauti, lakini mlangoni wengi wao wanakutana na somo moja: matematiki ya jumla. Sehemu yake ya kwanza ni aljebra. Intero ya kwanza inakuja, kopi inarudi na pointi 4 au 6 juu ya 20, na kijana anaanza kusema kwamba matematiki haiko yake.

Neno hilo lina gharama. Tangu mfumo wa LMD uenee katika vyuo vya Kongo, kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi inachukua miaka 3 na inahesabiwa kwa kredi: 60 kila mwaka, 180 kwa jumla. Somo lililoangukiwa halisahauliki. Kredi zake zinabaki kama deni, na mwanafunzi analibeba mpaka alilipe kwa mtihani. Kwa mzazi aliyeuza ng'ombe au gunia za maharage apate minervali na kodi ya chumba, mwaka mmoja wa nyongeza unaweza kuwa mwisho wa masomo.

Lakini ukiangalia kopi hizo kwa makini, makosa mengi hayako ya chuo kikuu. Ni makosa ya darasa la 7 na la 8. Hiyo ni habari nzuri, sababu pengo la darasa la 7 linaweza kuzibwa.

Pengo lilianzia wapi

Chukua mtoto aliyekuwa darasa la 7 mwaka wa masomo 2019-2020. Huo ndio wakati ambapo watoto wanaanza kukutana na namba zenye alama ya kutoa, na herufi katikati ya hesabu. Djugu ilikuwa imeingia katika vita tangu mwisho wa mwaka 2017. Machi 2020, shule zote za nchi zikafungwa juu ya COVID-19. Mwanzo wa Februari 2022, shambulio la watu wenye silaha katika kambi ya Plaine Savo, karibu na Bule, liliua watu zaidi ya 60. Juni 2023 ikawa zamu ya kambi ya Lala, na hapo vilevile watu zaidi ya 40 waliuawa. Mtoto yule, kama hakupoteza mwaka hata mmoja, alifika kwenye mtihani wa serikali mwaka 2025. Kati ya 2019 na 2025, ni wiki ngapi alikaa darasani kwa utulivu?

Katika historia, mtoto akikosa sura moja anaweza kufuata inayokuja. Matematiki iko kama ukuta wa matofali: tofali la chini likikosekana, ya juu yanaanguka hata yakiwa mazuri.

Kuko pia tofauti ya sekisheni. Aliyesoma sayansi alikuwa na saa nyingi za matematiki kila wiki kuliko aliyesoma pedagojia. Wote wawili wanapata dipulomu, na wanaweza kukaa katika oditwari moja mbele ya profesa mmoja.

Tena, mtihani wa serikali wenyewe unafundisha tabia fulani. Pale majibu yameshaandikwa, mwanafunzi anachagua moja. Anaweza kujaribu kila jibu mpaka apate linalokubali. Chuoni jibu peke yake halitoshi: profesa anataka kuona hatua kwa hatua namna ulivyofika. Kwa kijana aliyezoea kuchagua, karatasi nyeupe inaleta woga.

Matofali matatu yanayokosekana

La kwanza ni sehemu. Wengi wakiona 1/2 + 1/3 wanaandika 2/5: wamejumlisha za juu, wamejumlisha za chini. Lakini mama mwenye shamba anajua mara moja kuna kitu kibaya. Amepanda mihogo katika nusu ya shamba, akaongeza maharage katika theluthi. Inawezekana namna gani jumla iwe 2/5, ambayo ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo? Kwanza kata shamba katika vipande 6 vilivyo sawa. Nusu ni vipande 3, theluthi ni vipande 2. Jumla ni 5/6, na kipande 1 kimebaki.

La pili ni alama ya kutoa mbele ya mabano. 10 − (x − 4) inaandikwa mara nyingi 6 − x. Sivyo, ni 14 − x. Hapa deni linasaidia kuelewa. Mtu mwenye dukani akifuta deni lako la franka 4 000, hakukupa noti mkononi, lakini hali yako imepanda kwa 4 000. Kuondoa deni ni kuongeza. Ndiyo maana ile "kutoa 4" iliyokuwa ndani ya mabano inageuka "kuongeza 4" inapotoka nje.

La tatu ni lugha. Masomo yote ni ya Kifaransa, na katika aljebra kila amri ina kazi yake. "Résoudre" inaomba utafute thamani ya kisichojulikana. "Réduire" inaomba ukusanye vitu vya aina moja, na hakuna x ya kutafuta. "Factoriser" inaomba ugeuze jumla iwe kuzidisha. Kuko wanafunzi wanaopoteza pointi wakijua hesabu, juu walifanya kazi ambayo hawakuombwa.

Ile x ni nini

Herufi x ni jina la muda la kitu ambacho bado hakijulikani, na ekwasio ni mizani: pande mbili zina uzito sawa. Ukitoa kilo upande huu, toa kilo ileile upande ule.

Tuchukue bei za mfano. Mama mmoja ananunua maharage Bule kwa franka 1 500 kopo, anayauza Bunia kwa franka 2 000. Usafiri wa mzigo unamgharimu franka 15 000, abebe makopo kidogo au mengi. Auze makopo mangapi ndipo arudishe pesa yake? Hajui bado, kwa hiyo aite x. Pesa inayoingia ni 2 000x. Pesa iliyotoka ni 1 500x + 15 000. Mizani iko hivi:

2 000x = 1 500x + 15 000

Toa 1 500x kila upande: 500x = 15 000. Gawa kwa 500: x = 30. Akiuza makopo 30 hana faida wala hasara. Kopo la 31 ndilo linaanza kumpa franka 500. Mama huyo angefanya hesabu hii kichwani bila kuandika herufi hata moja. Angesema kila kopo linamletea 500, na 500 zinahitajika mara 30 kufikia 15 000. Mwanafunzi wa uchumi ataikuta tena katika somo lake kwa jina la "point mort". Kazi ya x ni kuandika mawazo ya mama huyo kwa namna ambayo itafaa hata bei zikibadilika kesho.

Baadaye zinakuja ekwasio za digrii ya pili, zenye x mara x. Turubai lina ukubwa wa mita 24 za mraba, na urefu wake unazidi upana kwa mita 2. Upana ni mita ngapi? Uite x: basi x(x + 2) = 24, yaani x² + 2x = 24. Ongeza 1 kila upande. Kushoto inakuwa (x + 1)², kulia 25. Kwa hiyo x + 1 ni 5 au −5, na x ni 4 au −6. Upana hauwezi kuwa chini ya sifuri, kwa hiyo turubai ni mita 4 kwa 6. Hatua ile ya kukataa −6 na kuandika sababu yake mara nyingi ina pointi zake. Wengi wanaisahau.

Njia hiyo ya kuongeza kidogo ili mraba ukamilike ni ya zamani sana. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliieleza Baghdad karibu na mwaka 820, katika kitabu ambacho jina lake ndilo lilitupa neno aljebra. Al-jabr kwa Kiarabu ni kurudisha mahali pake kilichovunjika, na neno hilo lilitumika pia kwa kuunga mifupa. Sehemu kubwa ya kitabu chake inahusu kugawa urithi. Hakutumia herufi x. Aliandika kila kitu kwa maneno, kama watu wanavyohesabu sokoni.

Kujitoa namna gani

Kwanza, rudi nyuma bila haya. Kitabu cha darasa la 8, cha mdogo wako ama cha jirani, kinafaa kuliko silabusi mpya ambayo haieleweki. Wiki 3 za sehemu, alama na mabano, saa moja kila siku, zinaweza kubadilisha mwaka mzima. Anayengojea matokeo ya mtihani wa serikali kule Bule anaweza kuanza kabla hajashuka Bunia.

Pili, andika. Kusoma mfano uliofanywa na mwingine kunadanganya: unaona umeelewa. Funika jibu, fanya mwenyewe, halafu linganisha. Ukipata x, irudishe katika ekwasio uone kama mizani inakaa sawa. Kwa maharage: 2 000 × 30 ni 60 000, 1 500 × 30 + 15 000 ni 60 000. Hakuna profesa anayeweza kukunyima pointi hapo, na hauhitaji simu wala moto wa umeme.

Tatu, usikae peke yako. Mazoezi pamoja na asistanti ndipo mahali pa kuuliza swali dogo ambalo linaleta haya mbele ya oditwari nzima. Kikundi cha watu 4 kinatosha, mradi kila mtu apewe zamu ya kueleza ubaoni. Anayeeleza ndiye anayejifunza zaidi. Wasichana wasiachiwe kazi ya kunakili tu huku wavulana wanahesabu, wapewe chaki.

Mzazi naye ana kazi, hata kama hakusoma. Pointi 5 katika intero ya kwanza hazisemi kwamba mtoto hana akili. Zinaonyesha mahali ambapo masomo yalikatika. Mzazi aulize: "Ulikosea wapi, na ni nani anaweza kukueleza?" Aulize mapema, mwezi wa kwanza, wakati deni la kredi bado halijaandikwa.