Kosea kwa Boksi Kabla Hujakosea kwa Chuma

Chukua mbuzi ya kukunia nazi, ile ya mbao mbili zinazopishana kama marfaa ya kusomea Kurani, uiweke sakafuni na kuitazama kana kwamba hujawahi kuiona. Ukiikunja inakuwa bapa, unaitundika msumarini au unaisukuma uvunguni. Ukiikunjua inakuwa kiti. Ukishaketi, uzito wako mwenyewe unaishikilia isiyumbe, na mikono yote miwili inabaki huru kuzungusha kizio cha nazi kwenye chuma chenye meno. Nazi inadondokea sinia lililo chini. Haihitaji meza wala umeme, na meno yakiwa butu fundi huyanoa kwa tupa.

Hakuna hata moja katika hayo lililojitokea tu. Watu, pengine wengi na kwa miaka mingi, waliamua kimo cha kiti, urefu wa chuma na unene wa ubao. Kufanya maamuzi ya namna hiyo kwa makusudi, kwa ajili ya kitu kitakachotoka kiwandani kwa maelfu, ndiko kunakoitwa ubunifu wa bidhaa za viwandani. Wapo vijana wengi wa Tanga wenye mkono mwepesi wa kuchora wasiojua kwamba jambo hili lina chuo chake na shahada yake. Na wazazi wao wakisikia “chuo cha sanaa”, hudhani mtoto anakwenda kujifunza kuchora machweo ya kuwauzia watalii.

Kuchora kumo, lakini kazi yenyewe iko kwingine. Fundi seremala wa Ngamiani akipokea oda ya stuli, anamjua mteja wake. Stuli ikiyumba, italetwa kesho asubuhi, atapunguza mguu mmoja, yamekwisha. Kiwanda cha viti vya plastiki hakina nafasi hiyo. Kwanza lazima ichongwe kalibu ya chuma kigumu, kazi ya gharama kubwa, ndipo plastiki iliyoyeyushwa isukumwe ndani yake na viti vianze kutoka kimoja baada ya kingine. Kalibu ikiwa na kosa, kila kiti huzaliwa nalo. Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mashine ya kiwandani haina kazi nyingine ila kurudia.

Ndiyo maana chuo cha ubunifu, ukikivua mapambo yote, ni mahali pa kukosea mapema na kwa bei nafuu. Mwanafunzi hukosea kwa karatasi, akakosea kwa boksi, akakosea kwa mbao, ili zamu ya chuma ikifika makosa yawe yameshatoka.

Mwaka wa kwanza huwashangaza wengi. Aliyekuja akitarajia kuchora magari hupewa karatasi moja na sharti moja: bila gundi, isimame na ibebe kitabu. Mazoezi ya aina hii yalipata umaarufu Ujerumani, katika shule ya Bauhaus iliyoanzishwa na Walter Gropius mjini Weimar mwaka 1919 na kufungwa mwaka 1933. Mmoja wa walimu wake, Josef Albers, aliwakunjisha wanafunzi karatasi mpaka waelewe kwamba malighafi ina tabia yake, na kwamba asiyeijua tabia hiyo hupoteza nguvu zake bure. Karatasi iliyolala haina nguvu. Ikikunjwa kama bati la paa inabeba.

Elimu hii ilifika Afrika Mashariki mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katikati ya miaka ya 1960, Selby Mvusi, msanii na mbunifu kutoka Afrika Kusini, alikuwa akifundisha ubunifu Nairobi, wakati chuo cha huko kilipokuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Mvusi hakukubali kwamba Mwafrika kazi yake ni kuhifadhi ya kale huku wengine wakibuni ya leo. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1967, kabla hajatimiza miaka 40. Kati ya mwaka 1968 na 1971 alifundisha hapo Kristian Vedel, mbunifu wa samani kutoka Denmark. Na Makerere, darasa la sanaa alilolianzisha Margaret Trowell mwaka 1937 limekua likawa shule yenye jina lake, na jina hilo limebeba viwanda na sanaa pamoja.

Baada ya karatasi huja somo gumu kuliko yote: kutazama. Mwaka 1958 wabunifu wawili wa Marekani, Charles Eames na mkewe Ray, waliiandikia serikali ya India ripoti kuhusu elimu ya ubunifu. Katika vyote walivyoviona nchini humo, walichokisifu zaidi ni lota, chombo cha maji ambacho kimo katika nyumba za Wahindi matajiri kwa maskini. Walijiuliza kinabeba maji kiasi gani, kikijaa uzito wake unakaa upande gani, kinashikwaje kichwani na kiunoni, mkono unaingia kukisafisha au hauingii. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1961, India ilifungua chuo chake cha taifa cha ubunifu mjini Ahmedabad, katika jimbo lile lile la Gujarat walikotoka wazee wa familia nyingi za Kihindi za Tanga.

Maswali hayo hayo tunaweza kuiuliza mbuzi. Aliyejifunga kanga huketi mkao gani? Mama mwenye magoti mabovu huinukaje? Mkono ukiteleza, meno humpata wapi? Anakuna nazi mbili za mchuzi wa nyumbani, au ishirini za biashara ya mama lishe? Mwanafunzi hupelekwa jikoni na daftari, akae pembeni, atazame na anyamaze. Hamuulizi mama anataka mbuzi ya namna gani, maana atajibiwa, “Kama hii hii, mwanangu, ila iwe imara.” Huandika kile ambacho mikono inafanya bila mdomo kukitaja: namna anavyokanyaga ubao kwa kisigino, namna anavyokunja kanga kuwa mto wa kukalia. Kanga iliyokunjwa ni malalamiko dhidi ya kiti, hata kama mwenyewe hajalalamika.

Kisha huja vipimo vya mwili. Wengi hudhani dawa ni kutafuta mtu wa wastani. Jeshi la anga la Marekani lilidhani hivyo pia, na mwaka 1950 likapima miili ya marubani zaidi ya 4,000. Mtafiti wao Gilbert Daniels alichukua vipimo kumi, akatafuta ni rubani gani aliye wa wastani, au karibu na wastani, katika vyote kumi. Hakumpata hata mmoja. Ndipo wakadai viti na mikanda inayorekebishika. Mbunifu naye hufundishwa hivyo: wapange watu 100 kwa kimo, umtazame wa 5 na wa 95, kisha ubuni kitu kitakachowafaa hao wawili na wote walio katikati yao. Jaribu kanuni hiyo katika shule ya msingi, ambako dawati la kimo kimoja hukaliwa na mtoto wa darasa la kwanza asiyegusa sakafu kwa miguu na wa darasa la saba ambaye magoti yake yanagonga ubao. Dawati hilo lilibuniwa kwa ajili ya mtoto wa wastani, naye hayumo darasani.

Somo jingine la chuoni ni maisha ya kitu baada ya kuuzwa, na kwa hilo Tanga ni darasa tosha. Mji huu unajulikana kwa baiskeli zake. Itazame Phoenix ya zamani iliyotoka China: breki zake zinavutwa kwa fito za chuma badala ya waya. Fito ikipinda, fundi chini ya mwembe huinyoosha kwa nyundo. Keria yake hubeba gunia la mkaa. Baiskeli mpya za gia ni nyepesi na huenda kasi, lakini kuna vipuri vyake ambavyo fundi wa mtaani hana na havinyooki kwa nyundo. Kwa mbunifu, fundi wa chini ya mwembe ni mteja wa pili. Asipofikiriwa tangu mchoro wa kwanza, bidhaa huzeeka kabla ya wakati wake.

Tukija kwenye malighafi, historia ya mkoa huu ina somo chungu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62. Kutokana na hiyo kukazuka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani, na mwaka 1964 uzalishaji ulifikia karibu tani 230,000. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 hata tani 30,000 kwa mwaka hazikufikiwa. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo za kisiasa na za uendeshaji, lakini mbunifu huona mojawapo haraka: singa zetu zilikuwa zikienda kuwa kamba. Kamba ilipopata mpinzani, hatukuwa na bidhaa ya pili mkononi. Na hapo bado hatujagusa jani lenyewe, maana singa ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wake. Mashine iitwayo korona inapolikwangua jani, linalobaki ni maji na mabaki. Hale, wilayani Korogwe, mabaki hayo yaligeuzwa gesi ya kuzalisha umeme mwaka 2008. Lile lilikuwa swali la wahandisi, na walilijibu. Swali la mbunifu ni hili: mkonge unaweza kuwa nini ndani ya nyumba ya mtu wa Muheza, kitu atakachokinunua kwa sababu kinamfaa, hata kama hajali kwamba ni cha kwetu?

Mwaka wa mwisho mwanafunzi hukusanya yote hayo katika mradi mmoja. Tuseme amechagua mbuzi. Anatengeneza ya boksi, kiti kirefu zaidi kwa ajili ya magoti ya wazee, na papo hapo anagundua kwamba kiti kikipanda, sinia linabaki mbali na nazi inatawanyika. Anainua sinia, sasa halipiti katikati ya miguu. Anarudi sokoni, anakuta mashine ya umeme inakuna nazi ya mteja kwa dakika chache, na anatambua kwamba mama hakuwa akitaka mbuzi. Alikuwa akitaka tui. Huenda mradi ukahamia kwenye kichujio, au kwenye kinga ya vidole vya kijana anayeendesha ile mashine. Mwalimu mzuri hatampunguzia alama kwa kugeuza njia. Atataka kuona boksi zote zilizoshindwa, kwa mpangilio, na maelezo ya kila moja ilishindwa kwa nini.

Kwa kijana wa Tanga anayeipenda njia hii, mlango si mmoja. Nairobi na Makerere ndiko ubunifu ulikoanza kufundishwa zamani katika ukanda huu. Karibu na nyumbani, chuo cha VETA hufundisha mikono useremala na uchomeleaji, na shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973, lipo kwa ajili ya viwanda vidogo. Mbunifu aliyewahi kuchomelea hachori kiungo kisichochomeleka. Chuo chochote cha ubunifu utakachoomba, jiandae kuonyesha jalada la kazi zako, na michoro safi peke yake haitatosha.

Lianze jalada hilo leo. Tafuta boksi la sabuni, kisu na rula. Tengeneza mbuzi ya ukubwa kamili, kisha ikalie. Itabonyea. Usiitupe: piga picha, andika ilibonyea wapi, na ukate nyingine.